Mapafu ya Miaka Sabini na Mitano

Siku Fundi Lifti aliporudi nyumbani na mapafu ya miaka sabini na mitano, mkewe alikuwa na pini tatu mdomoni na hakuweza kumjibu neno. Alikuwa anapinda gauni la mteja. Mume akaingia anacheka peke yake, akaweka karatasi juu ya kitambaa cha watu, akamwambia asome. Umri wake yeye mwenyewe ulikuwa miaka arobaini na minne, na cheti cha kuzaliwa kilikuwa kabatini kwa yeyote mwenye shaka.

Kampuni yao ya kutengeneza lifti ilikuwa imemleta nesi kule kazini, naye nesi akaja na kimashine chenye mrija. Mafundi walipanga mstari. Kila mmoja alipimwa urefu, akaambiwa avute pumzi mpaka kifua kijae, kisha apulize kwa nguvu zote mpaka pumzi imwishie. Kimashine kikatema karatasi yenye tarakimu ambazo hakuna fundi aliyezielewa, lakini chini kabisa nesi aliandika kwa wino mwekundu: Umri wa mapafu yako ni miaka 75. Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yake. Alisema mvutaji ukimwambia habari za asilimia, anatikisa kichwa kwa adabu, anatoka nje na kuwasha sigara nyingine. Ukimwambia kifuani amebeba mzee, anakaa chini na kufikiri.

Fundi Lifti hakukaa chini. Alisema kimashine kile ni kibovu, na mashine mbovu anazijua yeye, ndizo zinazomlisha. Yeye hupanda ghorofa tisa kwa miguu na mkoba wa vyuma begani, kwa sababu hakuna anayekwenda kutengeneza lifti kwa kupanda lifti ile ile. Mtu wa sabini na tano angeweza? Hakusema kwamba siku hizi kila ghorofa ya tatu anasimama kwenye ngazi na kujifanya anakagua ukuta.

Mkewe alitoa pini moja moja. Vya kusema vilikuwa vimeisha. Katika miaka kumi na minane ya ndoa alikwisha kulia, alikwisha kuficha pakiti, alikwisha kununa wiki mbili mfululizo mpaka akasahau alinuna kwa nini. Sikio la kufa halisikii dawa. Jambo ambalo hakuwahi kumwambia ni kwamba usiku alilala akihesabu mluzi wa kile kifua, na kila ulipokatika kidogo, moyo wake nao ulikatika. Alikuwa anaogopa kubaki mjane. Hofu yenyewe ndiyo hiyo, wala haikuwa na jina lingine.

"Ngapi?" sauti ikauliza kutoka jikoni.

Huyo alikuwa Bibi, mama yake mshonaji, aliyeishi nao. Alikuwa na miaka sitini na tisa kamili, na thelathini kati ya hiyo aliitumia kwenye ghala la nafaka akiwa karani wa mizani. Hakuwahi kumpunja mtu gramu moja, wala kumzawadia mtu gramu moja. Kwake yeye tarakimu hazikuwa kitu cha kuchezea. Alitoka akijifuta mikono, akaishika karatasi mbali na macho, akaisoma kutoka juu mpaka chini.

"Huyu nesi kasoma?"

"Kasoma, mama," akajibu mkwe wake, "ila hicho kimashine chake..."

"Nimeuliza kasoma au hakusoma."

"Kasoma."

"Basi shikamoo, baba," akasema Bibi, na akainama kidogo kwa goti.

Kuna mambo ulimi wa binadamu haukuumbiwa, na kumwitikia mama mkwe wako marahaba ni mojawapo. Lakini kuiacha shikamoo hewani bila kuijibu nako ni ufidhuli ambao hata mtoto mdogo hukanywa. Fundi Lifti alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Pale mlangoni binti yao wa miaka kumi na sita alicheka mpaka akashikilia fremu, na mama yake ikambidi arudishe pini mdomoni ili naye asiangue kicheko.

*

Kama ulikuwa mzaha, ulikuwa mzaha wa mtu asiyejua kutania. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi Bibi alikuwa amesimama kwenye sinki, na mkwe wake alipotokea tu, shikamoo baba ikamfikia usoni. Keshokutwa vilevile. Fundi Lifti alimwomba mkewe azungumze na mama yake, mkewe akazungumza, akarudi na jibu. Bibi alisema hana ugomvi na mtu. Karatasi imeandikwa sabini na tano, yeye ana sitini na tisa, na mkubwa huamkiwa. Kama mkwe ana karatasi nyingine, ailete isomwe.

Siku ya nne akajaribu kutoka kwa mlango wa uani. Bibi alikuwa huko anaanika nguo.

Binti naye hakumwacha baba yake salama. Alimpisha kiti. Alimsomea ujumbe wa simu kwa sauti kubwa na polepole. Alimuuliza zamani za ujana wake watu walikuwa wanaishije bila umeme. Karatasi yenyewe aliitundika kwa pini ukutani, juu ya cherehani ya mama yake, na kila mteja aliyekuja kupima gauni aliisoma akageuka kumtazama mwenye nyumba kwa huruma. Habari haikuchelewa kufika mtaani. Kinyozi alipomnyoa alikataa malipo kamili, akasema kwake wazee wana bei yao, na waliokuwa wanasubiri zamu wakapiga makofi. Fundi Lifti akalipa nusu na kuondoka na kichwa kilichonyolewa vizuri na heshima iliyonyolewa zaidi.

Na kila alipodhalilika, alivuta. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwa kuwa mbele ya mkwe hakuwahi kuvuta hata siku moja, akarudi ananukia moshi, na Bibi akamtazama kama mtu anayetazama babu wa mtu akizidi kuzeeka.

Wiki moja baadaye, siku ya Jumatano, akasalimu amri. Bibi alikuwa ametoa shikamoo yake kama kawaida, kisha akaongeza kwa nia njema kabisa swali moja: je, mkwe anahitaji ashikwe mkono kwenye vile vidaraja viwili vya mlangoni? Alikuwa anauliza kweli. Fundi Lifti alitoa pakiti mfukoni, akatoa na kiberiti cha gesi, akaviweka vyote juu ya cherehani mbele ya mkewe.

"Tupa," akasema. "Nesi anarudi tarehe yake kupima tena. Nitapuliza hicho kimashine mpaka kimwite mama yake."

*

Siku tatu za kwanza nyumba haikukalika. Aligombana na mlango wa kabati kwa kuwa ulifunguka, kisha kwa kuwa ulifungwa. Alitafuna vijiti vya meno pakiti nzima. Alikula chakula chake, akala cha binti, akaja kusimama juu ya sahani ya mkewe na kuuliza kwa upole kama ameshiba. Siku ya pili alilia kwa tangazo la sabuni kwenye televisheni, ambapo mtoto alikuwa anampa mama yake taulo. Binti alitaka kucheka, akamwona kweli analia, akaenda kumkumbatia.

Lakini hakuvuta. Siku ya nne akasema anasikia harufu ya chuma, hakujua chuma kina harufu. Siku ya sita alirudi kutoka kazini akiwa na habari kubwa kuliko mshahara: alipanda ghorofa nne bila kukagua ukuta. Akaisimulia ghorofa kwa ghorofa, na mkewe, ambaye alikuwa na magauni mawili ya kumaliza kabla ya jioni, alisikiliza mpaka ghorofa ya mwisho.

Usiku kile kifua kilianza kupunguza mluzi. Kwanza alikohoa sana, kisha akakohoa kidogo. Mshonaji alilala akihesabu kwa mazoea, hesabu ikampotea, akashtukia kumekucha. Alishona asubuhi ile huku akiimba, na hakujua anaimba mpaka mteja alipomwambia aongeze sauti.

*

Ilikuwa siku ya nane, Jumatano tena, alipokata ovaroli mpya ya mumewe. Za dukani hazikumfaa, kwa kuwa alikuwa mfupi mwenye mgongo mpana, na za urefu wake zilimbana mabegani. Alifungua daftari lake la vipimo, ingawa vya mumewe alivijua kwa moyo. Mabega arobaini na nane. Mkono hamsini na saba. Urefu mia na sitini na nane. Akainua macho kukumbuka kitu, macho yakaangukia ile karatasi ukutani. Urefu: sm 180.

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Mume wake alikuwa mtu wa sentimita mia na sitini na nane tangu siku ya harusi, na hakurefuka tangu hapo.

Hakumwambia mtu. Alijitanda kanga, tepu bado ikining'inia shingoni, akaenda moja kwa moja mpaka kwa nesi, kwenye kichumba cha chini alichopewa katika jengo la kampuni. Alimweleza. Nesi alikuwa mwanamke makini mwenye miwani, na alipoisikia ile tarakimu aliivua miwani.

"Urefu alipima msaidizi wangu," akasema. "Lakini walivua viatu?"

Mshonaji alimuuliza kama aliwahi kusimama pale msaidizi wake alipopimia urefu. Pale pale, juu ya vichwa vya mafundi, palikuwa na bango kubwa kama mlango: HAPA HAKUNA KUVUA KOFIA WALA BUTI. Mafundi wa lifti wanafundishwa bango hilo kabla ya kufundishwa kushika spana, na aliyevua kofia aliwahi kukatwa mshahara wa siku nzima. Wale wanaume saba walipimwa urefu wakiwa na kofia ngumu kichwani na buti za soli nene miguuni, kila mmoja akaongezeka karibu sentimita kumi na mbili, na hakuna aliyeona ajabu. Pengine walipenda.

Nesi akaficha uso kwa viganja, mabega yakamtikisika, na mshonaji hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoondoa mikono. Kimashine, akaeleza, hulinganisha pumzi ya mtu na urefu wake. Mtu mrefu hutegemewa kuwa na mapafu makubwa. Ukimwandika mfupi kuwa mrefu, pumzi yake itaonekana haba kuliko ilivyo, na mapafu yataonekana mazee zaidi. Akachukua kalamu, akapiga hesabu upya kwa mia na sitini na nane. Akapiga tena kuhakikisha.

"Sitini na miwili," akasema. "Mapafu ya mumeo yana miaka sitini na miwili. Bado ni mabaya, mama. Ana arobaini na minne. Lakini si sabini na mitano."

Mshonaji akakaa. Furaha ilimpanda, miaka kumi na mitatu si mchezo, na nyuma yake hofu ikapanda mbio zaidi. Alimwona mumewe akiipata habari hii. Alimwona akicheka, akipapasa mfuko.

"Usimwambie," akasema.

"Siwezi kumficha mgonjwa kipimo chake. Kosa ni letu." Nesi alikwisha kuanza kuandika karatasi mpya. Hao wengine sita, akasema, urefu wao wa kweli haujui, atawapima upya wote Jumatatu ya wiki ile nyingine, miguu mitupu, humu ndani, mbali na bango. Ila huyu mmoja kipimo chake kimeletwa na fundi wa vipimo, basi majibu yake yako tayari. Akaitia karatasi kwenye bahasha na kuandika juu: Fundi Lifti, majibu sahihi. "Nampigia simu hapokei, yuko juu kwenye mashimo yake ya lifti. Mpe wewe, mama. Na umwambie hivi: yaliyoharibika hayarudi yote, lakini akiacha sasa, mapafu yake yatazeeka mwaka kwa mwaka kama ya watu. Akiendelea, yatamkimbia. Utampa?"

"Nitampa," akasema mshonaji, na alimaanisha. Siku hasa hakuitaja.

*

Bahasha ililala kwenye droo ya cherehani, chini ya vibobini. Aliitia pale kwa nia ya kuitoa jioni. Jioni ile mumewe alirudi na kusema amepanda ghorofa sita. Unaitoaje bahasha mbele ya ghorofa sita? Akasema kesho. Kesho ilikuwa saba.

Aliishi siku zile kwa raha ya mwizi. Kila asubuhi Bibi alitoa shikamoo yake, kila asubuhi mume wake alijikunyata na kukimbilia mlangoni, na yeye aliingia bafuni, akafungulia maji, akacheka mpaka machozi. Kisha aliyafuta na kuona haya. Alimwangalia mwanamume mzima akibeba miaka kumi na mitatu isiyo yake, na angeweza kumtua kwa neno moja, na hakumtua. Alifikiria kumwambia mama yake angalau, wapate kubeba siri wawili. Akaacha. Bibi angeinuka palepale. Mtu wa sitini na miwili hawezi kuamkiwa na mtu wa sitini na tisa, hata nyumba ikiungua.

Lakini siri ya nyumba haikai kwenye droo ya cherehani katika nyumba yenye mwanamke mwenye upindo uliofumuka. Jumamosi jioni, siku ya kumi na nane ya kuacha, Bibi alitafuta uzi wa bluu. Aliinua vibobini. Bahasha haikufungwa kwa gundi.

*

Jumapili asubuhi Fundi Lifti alitoka chumbani akiwa amejikunyata tayari. Bibi alisimama kwenye sinki, akamtazama, akanyamaza. Mkwe akasubiri. Bibi naye akasubiri. Maji yalikuwa yanatiririka bure.

"Umeamka salama, mama?" akauliza hatimaye.

"Nimeamka. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Haki yangu," akasema Bibi. "Mtu wa sitini na miwili humwamkia mtu wa sitini na tisa." Akafuta mkono, akatoa bahasha kwenye mfuko wa aproni, akampa.

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni na chai mkononi. Alimwona mumewe akisoma mara ya kwanza, mara ya pili, akihesabu kwa vidole. Kisha akapiga ukelele uliomtoa binti kitandani. Alimzungusha binti, akamzungusha mkewe na chai yake ikamwagika, akamkaribia Bibi akakumbuka ni mkwe na kugeukia kuzungusha kiti. Amerudishiwa miaka kumi na mitatu, akasema. Nani amewahi kurudishiwa miaka kumi na mitatu asubuhi moja, tena Jumapili? Alimpa mama mkwe shikamoo tatu mfululizo, akaitikiwa zote tatu, akavaa kandambili na kutoka.

Alikuwa amekwisha pinda kona mkewe alipotanabahi anakwenda wapi. Alimfuata mbio, mguu mmoja kiatu na mwingine kandambili ya binti. Alipofika dukani, muuza duka alikuwa anahesabu chenji na mumewe ameshika sigara moja, bado haijawashwa, anaitazama kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule.

"Moja tu," akasema bila kugeuka. "Ya kusherehekea."

Mshonaji alihema mpaka pumzi ikamrudia. Kisha akamwambia kwamba bahasha ile ilikaa kwenye droo yake siku kumi na moja.

Muuza duka akaacha kuhesabu chenji.

"Siku kumi na moja," akasema mumewe polepole, "umenitazama ninaamkiwa na mama yako."

"Nimekutazama."

"Na ulikuwa unacheka."

"Bafuni," akasema. "Nilifungulia maji."

Alitegemea hasira, na angeikubali. Uso wa mumewe ulihangaika, haukujua uelekee wapi. Ndipo akamweleza lile ambalo miaka kumi na minane hakulisema. Kwamba usiku alikuwa anahesabu mluzi wa kifua chake. Kwamba akifika mia nane ndipo analala, na ukikatika kabla, anaweka kiganja puani pake. Kwamba tangu aache, hajahesabu, amelala kama gogo, na hilo gogo hakutaka mtu aliamshe kwa bahasha.

"Naogopa utakufa uniache," akasema. "Ndiyo sababu. Nimekudanganya, na kesho ningekudanganya tena."

Fundi Lifti aliigeuza sigara vidoleni muda mrefu.

"Kweli umelala," akasema. "Unakoroma siku hizi."

"Sikoromi."

"Kama lifti ya mizigo." Hakuwa anatania sana. "Sikiliza, mke wangu. Unajua nimewezaje? Mama akiniamkia asubuhi, ile aibu inanishika mpaka saa nne. Kuanzia saa nne najishika mwenyewe. Lakini asubuhi siwezi. Asubuhi ndiyo mbaya. Sasa aibu yenyewe imekwisha, nimekuwa kijana. Kesho asubuhi atanishika nani?"

Mkewe alimtazama muuza duka, naye muuza duka akarudi kwenye chenji yake. Sigara haikurudishwa dukani, na haikuwashwa. Fundi Lifti aliipachika nyuma ya sikio, wakarudi nyumbani polepole, na alipofika aliiweka juu ya kabati la viatu karibu na mlango. Alisema ataamua kesho.

Siku nzima ikawa ya kuipita sigara ile. Binti aliuliza kama aitupe, mama yake akasema hapana. Mtu akitupiwa ya kwake atanunua nyingine, hilo alikwisha kulijaribu. Jioni mshonaji alikwenda kukaa na mama yake jikoni na kumweleza habari ya saa nne. Hakumwomba kitu. Alimjua. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akachambua mchele uliokuwa safi tayari, akasema kwamba mizani haina mkwe wala mtoto.

*

Jumatatu, siku ya kwenda kupimwa upya, Fundi Lifti aliamka na uso uliokunjamana. Alivaa ovaroli mpya iliyomkaa vizuri. Hakutaka chai. Mkewe alikaa kwenye cherehani akakanyaga pedeli bila kitambaa chini ya sindano, apate kuwa na kelele ya kujifichia, na kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona mumewe akisimama kwenye kabati la viatu. Alifunga buti la kushoto. Akafunga la kulia. Kisha akanyoosha mkono na kuichukua.

Bibi alikuwa kwenye sinki, amewapa mgongo. Sufuria moja alikuwa ameisugua tangu alfajiri.

"Mama, mimi natoka," akasema mkwe wake. Akakumbuka adabu. "Shikamoo."

Bibi hakuitikia. Alifunga maji. Aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayebebeshwa gunia bila kuulizwa. Alifungua mdomo, akaufunga. Mshonaji akaondoa mguu kwenye pedeli.

"Shikamoo, baba," akasema Bibi.

Fundi Lifti aliangalia nyuma yake, pengine kulikuwa na baba mwingine.

"Mama, mimi ni sitini na miwili. Karatasi umeileta mwenyewe."

"Karatasi naijua."

"Sasa..."

"Nimekuamkia," akasema Bibi. "Miaka thelathini nilikaa kwenye mizani, sikumpunja mtu wala kumzidishia. Leo nakuzidishia wewe. Mwanangu amelala siku kumi na tisa. Nataka alale. Usiniache hapa na mkono mtupu kama mwombaji, niitikie."

Mkwe wake alisimama na sigara mkononi, na machozi yakamjaa, na safari hii hapakuwa na tangazo la sabuni. Alitazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kufumba mdomo kwa mikono miwili. Akatazama mama mkwe wake. Aliivunja sigara vipande viwili, akasogea, akaitia kwenye maji machafu ya sinki. Kisha akanyoosha mgongo, akakohoa kidogo kusafisha koo, na ulimi ambao haukuumbiwa jambo hilo ukalifanya.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Binti alipasuka wa kwanza, huko alikokuwa amejificha. Mshonaji akamfuata, akaketi chini sakafuni. Fundi Lifti alicheka mpaka akashika ukuta, akatoka mlangoni anacheka, na mlio wa kicheko chake wakausikia ukienda mpaka kona na kupita kona.

Bibi hakucheka. Alizoa vile vipande vya sigara, akanawa mikono vizuri mpaka kwenye viwiko, akafumba macho pale pale kwenye sinki. Alimwomba Mungu radhi kwa uongo wake wa kwanza, na kwa kuwa hakupenda kumpunja mtu yeyote habari kamili, akamwarifu kwamba kesho saa kumi na mbili atausema tena.